HISTORIA YA WARIDI, NA JINSI LILIVYOINGIA KATIKA KIKUNDI CHETU



Katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi, Katibu ameeleza habari za hisa, na Mweka Hazina ameeleza mikopo na marejesho. Ikabaki habari moja ambayo kila mgeni anayefika kwenye kikao chetu hapa Kahama huiulizia. Akishaona sanduku na kufuli zake tatu, hugeuza macho akaona miwaridi iliyopangwa kando ya ukuta, naye husema, "Na haya maua nayo ni ya nini? Maua yanaliwa?" Kikao kikaamua kwa kauli moja kwamba habari hiyo nayo iandikwe, na kalamu akapewa Mwenyekiti. Kwa hiyo tunaposema "sisi" humu, tunasema kwa niaba ya wote.

Tusiwafiche, ndugu wasomaji. Humu ndani mtakuta jambo la aibu yetu. Tumekubaliana liandikwe, kwa maana historia ya sifa tupu haimfundishi mtu. Lakini ili mlielewe jambo lenyewe, inabidi kwanza tulijue waridi: lilikotoka, lilivyofika huku, na namna ya kulitambua.

WARIDI LILIKOTOKA

Waridi ni ua la kale sana. Huko Marekani, katika jimbo la Colorado, wataalamu wamekuta majani ya waridi yaliyogeuka mawe, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 30. Miwaridi ya porini iko aina zaidi ya mia, na yote asili yake ni upande wa kaskazini wa dunia: Asia, Ulaya, Marekani ya Kaskazini, na kidogo Afrika. Kwa upande wetu wa Afrika, kusini ya jangwa la Sahara, lipo moja tu la asili, nalo ni waridi jeupe la milima ya Ethiopia ambalo wataalamu huliita Rosa abyssinica. Tanzania hatuna mwaridi wa porini. Kila mwaridi unaouona Shinyanga, Kahama au Geita uliletwa na mkono wa mtu.

Waridi la porini kwa kawaida lina petali tano tu. Yale yenye petali nyingi zilizobanana ni kazi ya wakulima wa miaka na miaka, waliochagua na kuchanganya mbegu.

Jambo kubwa katika historia hii ni kukutana kwa mawaridi ya Ulaya na ya China. Yale ya zamani ya Ulaya mengi yalichanua mara moja tu kwa mwaka, basi. Ya China yalikuwa yakichanua tena na tena. Mwishoni mwa miaka ya 1700 mabaharia na wafanya biashara waliyafikisha Ulaya, na watu wakaanza kuyachanganya. Mwaka 1867 Mfaransa mmoja, Jean-Baptiste Guillot wa Lyon, alitoa waridi aliloliita La France, ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza katika mawaridi ya kisasa, yale yenye ua kubwa moja juu ya kikonyo kirefu. Waridi jekundu la kwenye harusi zetu ni la ukoo huo. Na damu hiyo ya China ndiyo inayotufaa sisi wa nchi ya joto, maana mti wake hausubiri baridi ya theluji ndipo uchanue.

Lipo waridi jingine ambalo habari yake inatugusa. Mfaransa Francis Meilland alipata waridi la rangi ya njano lenye kingo za rangi ya waridi. Kabla nchi yake haijavamiwa na Wajerumani mwaka 1940, alikuwa ametuma vijiti vyake nje ili visipotee. Nyumbani aliliita Madame A. Meilland, kwa kumbukumbu ya mama yake. Ujerumani wakaliita Gloria Dei, Italia wakaliita Gioia, na Marekani mwaka 1945, vita ilipokuwa inaisha, wakaliita Peace, yaani Amani. Ua moja, majina manne. Kwa hiyo mtu akikuuzia mche kwa jina, usilishike jina peke yake. Uangalie mti.

LILIVYOFIKA KWETU

Neno lenyewe "waridi" limetoka katika Kiarabu. Watu wa Pwani walijuana na Waarabu tangu zamani, na pale Oman, juu ya Jabal Akhdar, wanakijiji mpaka leo huchuma mawaridi mnamo mwezi wa Aprili na kuyachemsha kupata marashi. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, mnamo mwaka 1840, Oman na Pwani yetu zilikuwa chini ya mtawala mmoja. Marashi ya mawaridi yakawa mambo ya harusi na maulidi, watu wakinyunyiziwa kwa mrashi. Wazazi wakawaita mabinti zao Waridi. Baadaye Kiswahili kilipanda bara na misafara, kikapita Tabora hadi Usukuma, na neno likapanda nacho.

Wengi wetu tuliozaliwa vijijini tuliliona waridi mara ya kwanza kwenye viwanja vya misheni, au mbele ya nyumba za wakubwa wa serikali. Tulijua ni ua la kuangalia kwa mbali. Ukiligusa, unachapwa.

Hata hivyo mkoa wetu una historia na waridi ambayo watu wengi hawaijui, nayo iko chini ya ardhi. Mwaka 1940 Dokta John Williamson, mtu wa Canada, aligundua almasi pale Mwadui. Mwaka 1947 pakatoka Mwadui almasi moja ya ajabu yenye rangi ya waridi, uzito wake karati 54.5 kabla ya kukatwa. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa mwaka huo. Ilikatwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatengenezewa bruchi yenye umbo la ua, yenyewe ikiwa katikati. Almasi ya rangi ya waridi, tena katikati ya ua! Imetoka katika udongo huu huu wa Shinyanga ambao watu husema hauoti maua.

Udongo huu umeonewa, lakini siyo maskini. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 miti mingi ya Usukuma ilikatwa ili kufukuza mbung'o, halafu ikaendelea kukatwa kwa ajili ya mashamba ya pamba na kuni. Nchi ikabaki upara. Mwaka 1986 ndipo ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliodumu hadi mwaka 2004, na watu wakafufua ngitili zao. Baadhi yetu tulijifunza kushika kiriba na kumwagilia kitalu katika miaka hiyo. Kazi ile ya miche ya miti ndiyo iliyotupa ujasiri wa kugusa miche ya maua.

SISI NA WARIDI

Kikundi kilianza mwaka 2014. Mwaka wa tatu tukaona tusikopeshane tu, tuwe na mradi. Wengine walitaka kuku, wengine mashine ya kusaga. Mwenzetu mmoja akasimama akasema tuangalie nyumba zinazojengwa Kahama, Katoro na Geita. Watu wenye hela ya dhahabu wanajenga na kuzungushia ukuta, lakini ndani pamekauka. Harusi na mahafali watu wanapamba kwa maua ya plastiki yaliyofifia. "Tuwauzie miche ya waridi," alisema. Tukacheka, lakini hoja ikapita.

Mwaka 2017 tukamtuma yeye mwenyewe Arusha. Kule, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, yalianzishwa mashamba ya mawaridi ya kuuza Ulaya, kama wenzetu wa Kenya kule Naivasha, kwa sababu nyanda za juu zina usiku wa baridi unaokuza ua. Ujuzi wa miche uko kule. Tulimpa shilingi 300,000 za kikundi na nauli. Alipanda basi, akapita Nzega, Singida na Babati, akarudi na miche 60 ndani ya maboksi, mingine ameipakata mapajani. Ilikuwa imebebeshwa, yaani jicho la waridi jekundu limeunganishwa juu ya shina la mwaridi wa aina nyingine wenye mizizi yenye nguvu.

Tukagawana, kila mmoja akaitunze kwake hadi iongezeke. Hapo ndipo tulipokosea, kwa sababu hakuna aliyetuelekeza, na sisi hatukuuliza. Kiangazi kikaja. Mbuzi wakala vichwa vya miche katika nyumba nyingi zisizo na uzio. Mvua iliponyesha miche ikachipua kutoka chini, machipukizi marefu, ya kijani, yenye afya. Tukafurahi kweli! Tukayafunga kwenye miti yasianguke. Vile vijiti vilivyodumaa vya juu tukavikata, tukasema vinanyonya chakula bure.

Mwaka 2019 ikachanua. Nyumba chache zilizokuwa na uzio zilipata mawaridi mekundu yenye harufu. Kwingine kote vikatoka viua vidogo, vimepauka, vya wiki mbili tu, basi. Maneno yakaanza kisimani, yakafika kwenye kikao. Eti mwenzetu alinunua michache ya kweli akachanganya na mapori, hela nyingine akala. Tulimsimamisha mbele ya watu. Alilia, akasema jambo moja tu: "Mwiteni mtaalamu aje aiangalie." Tukamjibu, mtaalamu wa maua wa nini? Tukakata shilingi 300,000 katika hisa zake, tukampa kilichobaki. Akaondoka. Kila mmoja wetu aliyekuwepo alinyoosha mkono siku ile, na Mwenyekiti alikuwa wa kwanza.

Mwaka 2021 bwana shamba mmoja alikuja kuangalia bustani yetu ya mchicha. Akapita karibu na mwaridi mmojawapo, akasimama. Akachuchumaa, akatoa kisu, akafukua udongo wa juu taratibu kama mtu anayetafuta karanga. Akatuonyesha kifundo kwenye shina, kama goti. "Hapa ndipo palipobebeshwa," alisema. "Haya yote mliyoyafunga kamba yametoka chini ya goti. Haya ni ya mti wa chini. Waridi lenu ni hiki kijiti hapa juu." Kilikuwa kimebaki kisiki cha urefu wa kidole, nusu kikavu.

Akayang'oa machipukizi yote ya chini kwa kuyavuta kwa mkono, hakuyakata. Tukabaki midomo wazi, tukaona kama anaua mti. Kwenye wiki ya tatu kikachomoza kichipukizi chenye majani mekundu mekundu juu ya goti. Baada ya wiki nyingine kadhaa likafunguka waridi, jekundu, la harufu.

Hakuna aliyesema neno. Mwenzetu alikuwa ametuletea waridi la kweli. Sisi wenyewe tulilikata kwa mikono yetu na kulea pori, halafu tukamwita mwizi. Wahenga walisema, umdhaniaye ndiye, kumbe siye.

NAMNA YA KUMTAMBUA MWARIDI

Kwa kuwa kutojua kulituletea hasara ya mtu, tunaandika hapa yale tuliyojifunza, ili yeyote anayesoma asiingie shimo lile lile.

Kwanza, ujue yasiyo waridi. Lile ua kubwa la uzio lenye ulimi mrefu katikati, ambalo wengine huliita waridi la Kichina, ni jamii ya bamia na rosela. Yule mti mnene wa sehemu kavu, wenye shina lililovimba na maua ya rangi ya waridi, ambao wageni huuita waridi la jangwani, siyo waridi, na utomvu wake ni sumu. Watoto wasiuchezee. Na lile ua dogo jekundu lenye miiba mingi, ukilikata likatoa maziwa, nalo siyo. Mwaridi hautoi maziwa.

Pili, tazama jani. Jani la mwaridi ni vijani vidogo vilivyopangwa wiwili wiwili na kimoja kwenye ncha, kwa hiyo idadi yake ni witiri: 3, 5, 7 au zaidi. Kingo zake zina meno kama msumeno. Na pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi utaona vibawa viwili vyembamba. Ukikuta vibawa hivyo pamoja na meno yale, umeshampata.

Tatu, mwiba. Mwiba wa mlimao umetoka ndani ya mti, ukiuvunja unachana nyuzi. Mwiba wa mwaridi umeota juu ya ganda tu. Usukume ubavuni kwa dole gumba, utabanduka na kuacha kovu safi.

Nne, tofauti ya waridi na mti wake wa chini. Watu husema jani lenye vijani saba ni pori na lenye vitano ni waridi. Msikubali, mawaridi mengi mazuri yana saba vilevile. Dawa ni moja: fuata chipukizi kwa kidole mpaka linapoanzia. Likianzia juu ya goti ni lako. Likianzia chini ya goti au kwenye mzizi, livute ling'oke lote. Ukilikata kwa kisu litarudi yakiwa matatu. Sisi wakulima wa pamba tunayajua maotea, kwa nini tulisahau kwenye ua? Na goti lenyewe usilifukie hovyo, liwe mahali unapoweza kuliona.

Tano, umbo. Yapo ya kichaka yenye ua moja kubwa kwenye kikonyo, yapo yanayotoa maua mengi kwa shada, na yapo yanayotambaa hadi kwenye paa. Uliza kabla hujanunua, usije ukapanda la kutambaa mlangoni ukashindwa kupita.

NAMNA YA KUMPANDA HUKU KWETU

Mahali pawe na jua la saa sita au zaidi kwa siku. Udongo wa mbuga unashika maji na kupasuka wakati wa kiangazi, na mizizi huoza au hukatika. Luseni, ule mchanga wa mwinuko, unapitisha maji lakini hauna chakula. Sisi huchimba shimo la sentimita 50 kila upande, tunachanganya udongo na samadi iliyooza vizuri ya ng'ombe, ambayo Msukuma hakosi. Samadi mbichi inaunguza.

Kwa kuzalisha, siku hizi tunapenda vijiti kuliko kubebesha. Chukua tawi ambalo ua lake limekwisha, unene wa penseli, ukate urefu wa sentimita 15 hadi 20, mkato wa chini uwe chini kidogo ya jicho. Toa majani, uache mawili ya juu. Chomeka nusu yake kwenye kiriba chenye mchanga mwingi na udongo kidogo, weka kwenye kivuli cha nyasi, na usiache pakauke. Baada ya wiki 4 hadi 8 vinavyoshika vitaonyesha. Siyo vyote vitashika, wala usivute kila siku kuangalia mizizi. Mwaridi wa kijiti unasimama kwa mizizi yake wenyewe. Hata mbuzi akiula mpaka chini, utakachochipua ni kile kile.

Maji mpe asubuhi, chini kwenye shina, siyo juu ya majani. Majani yakilala yamelowa huleta madoa meusi. Ukiona unga mweupe, ni ubwiri unga. Kiangazi angalia chini ya majani, utitiri mwekundu unapenda joto na vumbi. Vidukari tunaviosha kwa maji ya sabuni. Mchwa nao wanapenda kijiti kikavu, kwa hiyo usiache mabaki ya nyasi kavu yamegusa shina. Maji ya visima vya chumvi hukausha kingo za majani. Tuliopata bomba la maji ya Ziwa Victoria, mradi uliozinduliwa mwaka 2009, tumepona hapo.

Sasa sikilizeni hili, hasa wenzetu wa Geita, Katoro na Kakola. Mwanachama mmoja alijaza viriba kwa marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa dhahabu, kwa sababu ni laini na yako karibu. Miche yote ikafa. Miche ni hasara ndogo. Marudio yanaweza kuwa na zebaki, na panapochenjuliwa kwa sianidi ni hatari zaidi. Udongo huo usiletwe nyumbani, wala maji yake yasimwagiliwe ua wala mchicha. Bustani haijui kutofautisha chakula na sumu, inanywa tu.

Kupogolea kusikuogopeshe. Kata juu kidogo ya jicho linaloelekea nje, mkato uwe wa mshazari, kwa kisu kikali. Kwa joto letu, baada ya wiki 6 hadi 8 mti huchanua tena. Kwa hiyo mwenye harusi akikwambia tarehe mapema, unaweza kuhesabu kurudi nyuma ukajua siku ya kukata.

FAIDA NA HASARA

Tusidanganyane, hatujatajirika kwa waridi. Miche huuzika zaidi mvua zinapoanza, kiangazi biashara inalala. Maua ya plastiki bado yanatushinda bei. Lakini mfuko wa jamii, ule tunaochangia mgonjwa na mfiwa, kwa miaka mitatu hii unajazwa na hela ya miche, hatuuchangii tena mifukoni. Na wanachama wetu wakifiwa hawalazi mpendwa wao bila ua bichi. Mtu wa maisha ya chini naye alale na waridi lake.

DENI LILILOBAKI

Turudi kwa mwenzetu. Baada ya kuona lile ua jekundu, tulikwenda kwake wanawake saba. Tulibeba shilingi 300,000 na faida ambayo hisa zake zingezaa kwa miaka ile miwili. Alitupa viti, akatupa maji ya kunywa kama ilivyo desturi. Mwenyekiti alipiga magoti, akaomba radhi. Mwenzetu akapokea hela, akazihesabu taratibu, akazifunga kwenye pindo la kanga. Halafu akasema: "Hela nimepokea. Na jina langu je?"

Hatukuwa na jibu. Tulimvua jina mbele ya watu wote, tukataka kumrudishia sebuleni kwake, tukiwa saba, mlango umefungwa.

Tulipokuwa tunaaga alituzungusha nyuma ya nyumba. Katika ile miche 60 alikuwa amepewa mgawo wake miwili, kama sisi wote. Alikuwa ameizungushia miiba ya mgunga dhidi ya mbuzi. Ilikuwa imefika kifuani, imejaa mawaridi mekundu. Akachukua kisu akakata vijiti, akavifunga kwenye kitambaa kibichi, akampa Mwenyekiti mkononi. Hakusema kitu. Miwaridi yote mnayoiona kando ya ukuta wa kikao chetu ni ya vijiti vile.

Ndugu wasomaji, ndiyo maana tumeyaandika haya ndani ya kijitabu kitakachosomwa na kanisani, na msikitini, na sokoni, na ofisi ya kata. Tulimsomea makala hii kabla haijapigwa chapa. Amekubali ichapwe bila jina lake, akasema wanaohusika wanajua. Basi na wajue hili pia: hakula hela ya kikundi hata senti. Alituletea waridi la kweli. Hatukumsikiliza alipotuomba tumwite mtaalamu, na kosa ni letu.

Hajarudi kwenye kikundi. Hatumlazimishi. Katika daftari la hisa mstari wake hatujauandika jina la mtu mwingine, na kiti chake kwenye kikao kipo. Katiba yetu tumeiongeza kifungu mwaka 2022: mwanachama akituhumiwa, hakuna kunyoosha mikono mpaka jambo lenyewe limefukuliwa hadi kwenye shina.

 Anayetaka vijiti aje Jumamosi baada ya kikao, aje na kitambaa chake kibichi. Mwanachama atapewa bure, na asiye mwanachama atachangia kidogo. Asisahau uzio. Mbuzi wa Kahama tunawajua.

Umoja ni nguvu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote
Kahama, 2024